Trekta Lililolala: Tulifufue au Tuliuze Vipande?

 Leo tunazungumza juu ya trekta lililolala.

Ukitembea vijijini katika Mkoa wa Ruvuma, kuanzia Songea mjini kuelekea Namtumbo, au ukishika njia ya Peramiho, huwezi kukosa kuliona mahali fulani. Limeegeshwa chini ya mwembe au nyuma ya ghala. Magurudumu ya nyuma hayapo, limewekwa juu ya mawe. Kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, na watoto wamelifanya gari lao la kuchezea. Wazee wanakumbuka siku lilipoingia kijijini na watu walivyolipokea kwa vigelegele.

Sasa anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Anataka kulinunua kwa kilo, na fedha anazo mfukoni. Kijana mmoja anasema, "Tuuze, limekufa hili." Mzee anajibu, "Halijafa, limelala tu." Basi mkutano unagawanyika. Nani anasema kweli?

Kabla ya kujibu, hebu turudi nyuma kidogo. Matrekta yetu hayakushuka kutoka mbinguni. Yamekuja kwa mafungu, kila fungu na wakati wake, na kila fungu lilikufa kwa ugonjwa wake. Ukiujua ugonjwa ulioua yale ya zamani, utajua kama hili lako linatibika.

Fungu la kwanza lililovuma lilikuja mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga hapa Tanganyika, kwenye zaidi ya ekari milioni 3, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, jimbo ambalo Songea nayo ilikuwa ndani yake. Kwa hiyo habari hii si ya mbali na sisi.

Matrekta mapya hayakupatikana, kwa sababu viwanda vilikuwa vimetoka vitani. Basi wakanunua mitambo iliyokwisha kutumika na majeshi, mingine ikatoka hadi Ufilipino. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Mitambo hiyo iliingizwa kwenye vichaka vyenye mizizi minene, na kiangazi kilipofika udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji. Mafundi walikuwa wachache, spea hazikuwepo, na madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa haraka. Haukupita mwaka, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala. Mwaka 1951 mpango wenyewe ukaachwa, baada ya kula paundi milioni 36 hivi.

Angalia jambo moja hapo, ndugu mkulima. Fedha zilikuwepo na nguvu ya serikali kubwa ilikuwepo. Kilichokosekana ni karakana, fundi na spea. Trekta lisilo na karakana ni kama mtoto mchanga asiye na mama. Hata umpende vipi, hatafika mbali.

Fungu la pili likaja baada ya Uhuru. Kuanzia mwaka 1963 serikali ilianzisha makazi mapya ya wakulima katika sehemu mbalimbali za nchi. Watu walihamishiwa huko, wakapewa nyumba, matrekta na mikopo. Lakini matrekta yalilima ekari chache kuliko gharama zake, na deni likaota mizizi. Mwezi wa Aprili 1966, Makamu wa Pili wa Rais, Mzee Rashidi Kawawa, ambaye ni mtoto wa Ruvuma hii hii, akatangaza kwamba mpango wa makazi ya gharama kubwa namna ile unasimamishwa.

Wakati huo huo, hapa Songea kulikuwa na wakulima waliofuata njia nyingine. Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Hawa hawakuanza na mitambo. Walianza na jembe la mkono na chakula chao wenyewe. Walipopata uwezo wakawa na kinu cha kusaga nafaka pale Songea mjini, na karakana ambamo vijana walijifunza ufundi. Yaani mkono wa kutengeneza walianza kuufundisha mapema. Lakini Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa uongozi wa TANU, na mali zake zikachukuliwa. Kinu na karakana vikatoka mikononi mwa wale waliovitafuta kwa jasho.

Katika miaka hiyo ya 1960 Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi kwamba tusiruke kutoka jembe la mkono hadi trekta, tupite kwanza kwenye plau ya ng'ombe. Ni shauri la busara. Lakini sehemu nyingi za Ruvuma zilikuwa na mbung'o, na ng'ombe wa kulima hawakustawi. Ndiyo maana mkulima wa hapa alipoliona trekta, moyo wake ulilipenda kuliko wa wengine.

Fungu la tatu ni lile la miaka ya 1970 na 1980, na hapo ndipo yalipotoka mengi ya yale yaliyolala chini ya miembe. Vijiji viliandikishwa kwa sheria ya mwaka 1975, mashamba ya kijiji yakapimwa, na mikoa ya Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa ikawa tegemeo la taifa kwa mahindi. Matrekta yakaja kwa mikopo na misaada kutoka nchi nyingi. Nchi hii ilileta aina yake, na ile nayo ikaleta yake. Bolti ya huyu haikuingia kwa yule. Baadaye, katika miaka ya 1980, kiwanda cha TRAMA pale Kibaha kiliunganisha matrekta ya Valmet kutoka Finland, tukatumaini kwamba sasa tutakuwa na aina moja yenye kwao hapa hapa nchini. Lakini nacho hakikudumu.

Tena, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Hapa Songea tulikuwa na chama cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoandikishwa tangu mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku. Vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa na magari, maghala na watu wa kuviangalia. Mali za vyama vikuu zikahamia kwenye mamlaka za mazao na makampuni ya mikoa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, lakini kurudisha jina ni rahisi kuliko kurudisha karakana.

Na dunia nayo haikutuonea huruma. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Mwaka 1978 Idi Amin akatuvamia Kagera, na fedha za kigeni zikaenda vitani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mtu aliweza kuwa na trekta zima kabisa lakini likalala kwa kukosa pampu ya dizeli au betri. Hata hiyo spea ikipatikana Dar es Salaam, kuifikisha Songea wakati wa mvua ilikuwa safari ya matope, mpaka barabara ya lami kutoka Makambako ilipokamilika katikati ya miaka hiyo ya 1980.

Umeona? Mengi ya matrekta hayo hayakufa kwa uzee. Yalilala kwa kukosa kitu kimoja. Kisha, kwa kuwa yalikuwa ya wote, huyu akachomoa betri, yule akachukua stata, mwingine akaondoka na gurudumu la tela. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Trekta lililokosa kitu kimoja likawa limekosa ishirini.

Fungu la nne ni la juzi. Mwaka 2009 likatangazwa azimio la Kilimo Kwanza. Yakaja matrekta zaidi ya 1,800 ya Farmtrac na New Holland kwa mkopo wa India, yakagawanywa kwa wakulima kupitia SUMA JKT, na ikachukua miaka mingi kuwadai waliokopa. Halafu ukafuata mpango wa matrekta ya Ursus ya Poland, 2,400 kwa idadi, ya kuunganishwa Kibaha kwenye kiwanda cha TAMCO. Lakini kampuni mama ya Ursus huko Poland ikaingia katika shida ya fedha, na mwaka 2021 mahakama ikaitangaza kuwa imefilisika. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Trekta jipya nalo linaweza kubaki yatima.

Sasa nifike kwenye shabaha yangu. Katika habari yote hii, umri wa trekta hauonekani kuwa ndio ugonjwa mkubwa. Ugonjwa mkubwa ni uyatima, yaani kukosa ndugu wa kuazimana naye spea, kukosa fundi anayelijua, na kukosa mwenyewe anayeandika kilichoingia na kilichotoka. Trekta la miaka 50 lenye ndugu laweza kulima. Trekta la miaka 10 lisilo na ndugu ni chuma.

Chukua Massey Ferguson 135, ambalo wakulima wengi wanalijua. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na utengenezaji wake ulikwisha zamani. Lakini injini yake ya Perkins, ile ya silinda tatu, haikufa pamoja nalo. Ukoo wake uliendelea katika Massey Ferguson 240, na hiyo 240 ikatengenezwa kwa miaka mingi huko Pakistani. Wahindi nao walipewa ruhusa ya kutengeneza matrekta ya Massey Ferguson nchini kwao. Kwa hiyo pistoni, ringi, gasketi na nozo za ukoo ule ziliendelea kuuzwa madukani. Lakini angalia sana: injini ile ilibadilishwa hatua kwa hatua, na si kila pistoni ya silinda tatu itaingia kwako. Usinunue spea kwa kusikia. Soma namba iliyogongwa kwenye injini, iandike, uende nayo dukani.

Basi mnunuzi wa vyuma chakavu akifika, mwambie asubiri kidogo. Kaeni mkutano, mjiulize maswali manne kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: trekta hili ni la nani? Tumeona kinu cha Songea na mali za ushirika zilivyohama mikono. Trekta laweza kuwa la kijiji, la chama cha msingi, la kikundi, au bado lina deni la mkopo. Tafuteni kadi yake na mihtasari ya zamani. Mwenyekiti hana haki ya kuuza mali ya wote kwa sauti yake peke yake, na mnunuzi mwenye haraka ya usiku ni wa kuogopwa. Uamuzi uwe wa mkutano halali, uandikwe, watu watie sahihi.

Swali la pili: lina ndugu? Hesabuni ni matrekta mangapi ya aina hiyo yanayofanya kazi kati ya Songea, Namtumbo, Mbinga na Njombe. Muulizeni fundi: umepata kulifungua la namna hii? Muulizeni mwenye duka la spea: klachi yake unayo, au utaagiza? Majibu yakiwa "sijui" mara tatu, hilo ni yatima.

Swali la tatu: mifupa yake ni mizima? Hapa lazima uelewe jambo moja. Matrekta mengi ya aina hii hayana fremu kama lori. Injini imefungwa kwa bolti kwenye gia boksi, na gia boksi kwenye difu. Hao watatu ndio uti wa mgongo. Bloku ikipasuka, au kasha la gia boksi likivunjika, umevunjika mgongo. Lakini yapo mambo yanayotisha kwa macho na hayaui. Rejeta iliyotoboka inazibwa. Klachi iliyogandamana inafunguliwa. Injini iliyoshikwa na kutu huenda ikaachia ukitoa nozo, ukamimina mafuta laini kwenye silinda, ukaacha siku kadhaa, kisha ukajaribu kuizungusha kwa mkono polepole. Usiivute kwa gari jingine ili iwake kwa nguvu, utavunja kilichokuwa kizima. Chomoa na kijiti cha oili ukitazame. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Pengine ni gasketi tu, pengine ni ufa. Fundi afungue silinda hedi aseme.

Na fundi aanze na injini na gia boksi. Msianze na rangi wala matairi mapya. Wengi wamemaliza fedha kwenye matairi ya nyuma, ambayo ni ghali mno, halafu wakagundua bloku ina ufa. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Swali la nne: likifufuka, litakula nini na litaleta nini? Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kama Novemba au Desemba. Siku za kulima ni chache. Tuseme, kwa mfano tu, trekta linalima ekari 6 kwa siku, na mna siku 40 njema. Hizo ni ekari 240. Lakini je, kuna wateja wa ekari 240 walio karibu, wenye mashamba yaliyong'olewa visiki? Shamba la miombo lenye visiki litavunja diski na kupasua tairi, na faida yote itaishia kwa fundi. Hesabuni ekari za watu waliosema watalipa, siyo za watu waliopiga makofi. Toeni dizeli, oili, posho ya dereva, na fungu la kuweka akiba ya spea. Kinachobaki mkilinganishe na gharama ya kufufua. Kwa kipimo changu, kama misimu miwili au mitatu haiwezi kurudisha fedha hizo, si busara kuzimwaga. Msisahau kazi ya tela, maana kubeba mahindi na mbolea ni kazi inayoendelea hata kulima kukiisha.

Mkijibu hayo, njia zitakuwa tatu.

Kama mifupa ni mizima, ndugu wapo na kazi ipo, lifufueni. Mteueni mtu mmoja wa kulitunza, mmoja wa kushika daftari, na wasiwe mtu huyo huyo.

Kama mnayo mawili ya aina moja, kijana na mzee wote walikuwa na haki. Moja limpe uhai mwenzake. Lakini chagueni kwanza lipi libaki, kwa kuangalia mifupa, wala si kwa kuangalia lipi linapendeza. Mafundi wetu huita kazi hiyo kuchinja. Mnapochinja, kila kitu kiandikwe na kufungiwa ghalani: stata, pampu ya dizeli, nozo, gia, mikono ya hydroliki, rimu, hata bolti zake. Pampu na mabomba yazibwe midomo vumbi lisiingie, na gia zipakwe grisi. Msiuze ziada mpaka lile linalobaki limalize msimu mzima wa kulima, maana hapo ndipo litakapoonyesha upungufu wake.

Kama ni yatima, au mgongo umevunjika, uzeni bila majonzi. Lakini msianze na mizani. Spea nzima ina thamani kuliko uzito wake. Watangazieni kwanza wenye matrekta ya ukoo huo na mafundi wa mjini. Uzeni pampu, stata, rimu na kifaa cha hydroliki kimoja kimoja, kwa stakabadhi. Mabaki ya mwisho ndiyo ya mnunuzi wa kilo. Plau, haro na tela visiuzwe pamoja na trekta kwa kusahau, kwa sababu mara nyingi vitafungwa kwenye trekta jingine. Na fedha ikiingia, mkutano useme mapema itafanya nini. Ikigawanywa mfukoni kwa mfukoni, itakwisha kabla ya masika, na kijiji kitakuwa kimekosa trekta na kimekosa fedha.

Ndugu mkulima, usione vyaelea, vimeundwa. Trekta hilo chini ya mwembe lilinunuliwa kwa mahindi na tumbaku ya baba zenu, au kwa deni ambalo nchi nzima ililipa. Kulifufua kwa heshima tu, bila hesabu, ni kurudia kosa la Kongwa. Na kuliuza kwa hasira tu ni kutupa kile wazee walichokihangaikia. Kalifungueni kwanza, mlitazame. Chukua daftari, andika namba ya injini leo hii, kabla kutu haijaifuta.